Fidia ya Mikorosho Isiyokuwa Yangu

Nilikuwa nimekaa barazani kwangu Chuno, hapa Mtwara, napachika zipu kwenye suruali ya mteja, simu ikalia. Ujumbe wa benki. Nikausoma, nikafuta miwani kwa pindo la suruali ileile ya mteja, nikausoma tena. Akaunti yangu, ambayo kwa miaka ilikuwa na salio la kulinda heshima tu, ilikuwa imeingiziwa fedha. Sitasema kiasi gani. Waliokuwa na mpango wa kunikopa bado wako hai, na wengine wanajua kusoma.

Nikamwonyesha mke wangu aliporudi kutoka sokoni na furushi lake la vitenge.

"Matapeli hao," akasema bila hata kuvua viatu. "Kesho watakwambia umetumiwa kwa bahati mbaya, urudishe kwenye namba nyingine. Futa."

Sikufuta. Lakini na mimi niliamini ni matapeli, ikanichukua siku mbili nzima kukumbuka kwamba nilikuwa nadai.

Lazima nieleze kidogo mimi ni mtu wa namna gani. Mke wangu anauza vitenge, mimi nashona, na kati yetu wawili anayejua mji ni yeye. Mimi najua baraza. Mtaani wananiita Mwenye Nyumba, si kwa sababu nina nyumba nzuri, ni kwa sababu sitoki. Wanasema siku nyumba ikishika moto nitaomba niruhusiwe kubaki. Nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika, na ukweli ni kwamba hayo mapumziko hayajaisha.

Sasa, mwaka mmoja na kitu kabla ya ujumbe ule, niliitwa kijijini, upande wa Nanyamba. Mjomba wangu, kaka yake marehemu mama, alikuwa ameshafariki miaka ya nyuma, na kwa mila za kwetu shamba lake lilikuja kwetu sisi wapwa. Mpwa mkubwa ni mimi. Njia kubwa ya umeme ilikuwa inapita pale, wathamini wamekuja, na wenye mashamba wanatakiwa wafike waandikwe. Nikaenda kwa bodaboda huku nanung'unika njia nzima. Nilipofika ofisi ya kijiji nikaambiwa shamba liko mbele, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, wathamini wameshalipitia. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya Idi. Nikauliza, "Hivi lazima nifike kabisa?" Karani akasema si lazima sana. Nikapigwa picha nimeegemea ukuta wa ofisi, nimeshika kibao chenye namba kama mfungwa, nikasaini karatasi tatu bila kuzisoma, na chakula cha mchana nikala kwangu.

Dakika ishirini. Nazitaja kwa sababu ndizo zilizozaa yote yaliyofuata.

Nilipokumbuka kwamba ile ni fidia, furaha haikuja kama nilivyotarajia. Pesa ilinikuta nimekaa. Sikuilimia, sikuishonea, hata kuitembelea sikuitembelea. Mke wangu alitaka tuezeke jiko, ambalo mvua ikinyesha yeye hupika na mwavuli. Nikasema sawa, ya bati tutaitenga. Iliyobaki ikaanza kunitazama.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu alikuwa anakaa mwalimu mmoja mjane, mwenyeji wa Kanda ya Ziwa, aliyehamishiwa huku na serikali akamzikia mume hukuhuku. Binti yake alikuwa na mguu uliovunjika ukaunga vibaya, na hospitali ilikuwa imemwambia bei ya kuurudia. Alikuwa anapita kwangu kila Jumapili akitoka kanisani, ananitania, "Mwenye Nyumba, leo umeona jua?" Jumapili hiyo nilimwita ndani nikampa bahasha. Alipoifungua alikaa chini palepale, kwenye vipande vya vitambaa, akalia. Akataka kunishika miguu, nikaruka.

Nitasema ukweli: nilijisikia vizuri kupita kiasi. Sikulala kwa kujisikia vizuri.

Kesho yake nikatafuta mwingine. Alikuwepo mpakuaji wa bandarini aliyeumia mgongo, kodi ya miezi imemlemea, mwenye nyumba wake (yule wa kweli, si mimi) anataka kumtolea vitanda nje. Nikalipa. Halafu madrasa ya jirani ilikuwa inavuja. Nikatoa. Ikawa Ijumaa naombewa dua msikitini, Jumapili mwalimu ananiambia nimetajwa kwenye maombi ya jumuiya yao. Mtu wa baraza kama mimi, nimekamata pande zote mbili! Nikaanza hata kutoka. Jioni nilikuwa najikuta Shangani, natembea kando ya bahari nimeweka mikono nyuma kama mkuu wa shule anayekagua, na nikipishana na mtu asiyenisalimia nilikuwa nakohoa kidogo.

"Wewe unaumwa," mke wangu akaniambia. "Mtu hafiki hata dukani, leo anatembea Shangani?"

"Nanyoosha miguu."

"Unanyoosha shingo."

Ilipita miezi michache, pesa yote imekwisha isipokuwa ile ya bati, ndipo akaja mke wa mjomba.

Mkaza mjomba wangu ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kwetu mpwa na mke wa mjomba ni watani tangu utotoni: yeye huniita mume wangu, kwa sababu zamani mpwa angeweza kumrithi, na mimi humwita bibi harusi. Hawakujaliwa watoto na mjomba. Alikuja na kikapu cha ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa msituni, amevichemsha na kuvifunga vizuri kwenye majani.

"Mume wangu!" akaita kutoka barabarani, majirani wote wageuke. "Umekuwa tajiri hata kuja kunichukua umeshindwa?"

"Bibi harusi, ningekuchukua ukakae wapi, na mwenzio ndani mkali?"

"Mwache aje," mke wangu akajibu kutoka jikoni. "Aje apike na mwavuli zamu yake."

Tukacheka, tukala ming'oko. Nilikula sana. Tulipomaliza, mkaza mjomba akajifunga khanga upya, akashusha sauti, na nikajua amekuja na jambo.

"Nimesikia huku unasaidia watu," akasema.

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimeshaizoea ile pozi.

"Mimi sijaja kuomba. Nimekuja unisaidie kwa elimu yako. Wewe umesoma. Nataka uniulizie huko maofisini, ile ya miti inatoka lini?"

"Miti ipi?"

"Mikorosho yangu. Iliyokatwa kupisha umeme. Nasikia ya ardhi ilishatoka, wewe umeshapata, alhamdulillah. Ya kwetu sisi wa miti bado. Nikasema labda inachelewa kwa vile mimi simu sina."

Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama anavyosemeshwa mtu mwenye homa. Mjomba alipokufa, shamba lilikuwa pori, mikorosho yake mikuukuu ishakufa kwa ugonjwa. Sisi wapwa hatukutokea. Kaka yake mkaza mjomba, anayevuna chumvi huko mto Ruvuma unakoingilia baharini, alimwita akakae naye, hakwenda. Alifyeka peke yake, akachukua miche, akapanda, akamwagilia kwa ndoo ya kichwani. Ilikuwa imezaa misimu miwili tu wathamini walipokuja. Wakamuuliza: "Mwenye shamba nani?" Akawaambia ukweli, mwenyewe ni mpwa wa marehemu, yuko Mtwara.

Alikuwa anasema ardhi. Huko kwetu hakuna asiyejua kwamba ardhi ni ya ukoo na mti ni wa aliyeupanda. Mtu anaweza kukaa kwenye shamba la mwenzake miaka thelathini, siku akiondoka anauza miti yake na udongo anauacha palepale. Ni mambo mawili, yana wenyewe wawili. Hakujiwa na wazo kwamba karatasi ya wathamini ilikuwa na mstari mmoja tu wa mwenyewe. Na mimi, mzaliwa wa huko, niliyesoma, sikujiwa na wazo la kuisoma.

"Basi utaniulizia?"

"Nitauliza," nikasema.

Nikampa nauli na kilo mbili za sukari. Akavipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu mlangoni, majirani wakaitikia amina.

Usiku ule nilitoa karatasi zangu chini ya godoro. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiswahili chepesi, hata sina pa kujificha. Ardhi, kipande kile chini ya nyaya, ilikuwa na kiasi kidogo cha kununulia viatu vingine vya Idi. Mengine yote, karibu yote, yalikuwa yameandikwa: mikorosho inayozaa.

Mke wangu alisoma begani kwangu. Nilisubiri anitanie, hakunitania.

"Mguu wa yule binti," akasema, "ameulipia mkaza mjomba wako."

"Ndiyo."

"Na madrasa."

"Ndiyo."

"Na hizo dua zote."

Nikazikunja karatasi, nikazirudisha chini ya godoro.

Mtu mwenye akili angeondoka asubuhi kwenda kumwambia. Mimi nilikwenda kwa mwalimu. Nataka niandike jinsi ilivyokuwa, maana nimewahi kuisimulia kwa namna inayonipendezesha. Nilikwenda kuomba anirudishie japo sehemu. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani. Nikakaa, nikasema, "Mwalimu, kuna jambo dogo," na palepale binti akatoka chumbani, anatembea, anachechemea kidogo lakini anatembea, amebeba sinia la chai. Akanipigia goti kwa ule mguu. Nikanywa vikombe viwili vya chai na kula andazi, nikaaga.

"Na lile jambo dogo?" mwalimu akauliza mlangoni.

"Nilitaka kujua jua limezidi au ni mimi tu."

Akacheka mpaka akashika kizingiti.

Baada ya hapo nikawa mwongo wa kawaida. Mkaza mjomba alikuwa anapiga kwa simu ya jirani yake, kila baada ya wiki, na mimi nasema, "Bado, ofisini wana mambo mengi." Nilijiambia nakusanya kidogo kidogo nimpelekee zote kwa pamoja, nisije nikampelekea aibu nusu. Nilishona sare za shule mpaka vidole vikavimba. Nilichopata hakikufika hata mti mmoja na nusu. Na Shangani sikwenda tena. Watu wakasema Mwenye Nyumba amerudiwa na ugonjwa wake.

Halafu akaja mtu wa kijijini kwao kupunguziwa suruali. Nikamuuliza habari za huko, kama mtu anavyouliza.

"Wazima. Ila mke wa marehemu mjomba wako anatia huruma. Kutwa porini anachimba ming'oko."

"Anaipenda sana," nikasema.

Akanitazama. "Fundi, ming'oko unaila mara moja moja ukiitamani. Yule anakula asubuhi na jioni. Kaka yake kamfuata tena wiki iliyopita waende huko kwenye chumvi, kakataa. Anasema akiondoka, hela ya miti yake ikitoka haitamkuta."

Nikamwambia suruali yake aifuate kesho. Nikafunga cherehani.

"Unakwenda wapi?" mke wangu akauliza, maana ilikuwa saa nne asubuhi na nimevaa viatu.

"Nanyamba."

Akaingia ndani, akatoka na hela ya bati, yote, kwenye kitambaa. "Jiko limevuja miaka yote halijafa," akasema. "Usirudi nayo."

Zile dakika ishirini ni dakika ishirini kweli, nimezihakikisha. Njia ni ya mchanga, kulia kuna mihogo ya watu, halafu miti inakatika ghafla na unaona mbingu. Chini ya nyaya visiki vilikuwa vimepangwa kwa mistari, na mistari ilikuwa imenyooka. Mkaza mjomba aliipima kwa kamba, alikuja kuniambia baadaye, kamba ya ndoo. Vingine vilikuwa vimeanza kuchipua pembeni, na wale wa umeme walikuwa wameshapita kuvikata tena.

Nilimkuta nje anamenya ming'oko. "Mume wangu! Kwa miguu yako?"

Nikamwomba tuingie ndani. Nikamwambia yote, nimetazama mkeka. Kwamba fidia hazikuwa mbili, ilikuwa moja, karibu yote ya miti, ilikuja kwangu, nami nimeigawa. Nikamwambia na za simu, kwamba sikwenda ofisi yoyote kuuliza chochote. Nikaweka kile kitambaa mbele yake.

Kisu kilikuwa bado mkononi mwake, na kipande cha mzizi kwenye kisu.

"Kumbe ilitoka," akasema.

"Ilitoka."

"Na ile siku niliyokuja, ulikuwa unajua?"

"Siku ile nilijua usiku."

"Wiki zote hizi nilizopiga?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa. "Nilikuwa namwambia kaka yangu, huyu mpwa wetu msomi ananishughulikia." Akaweka kisu chini. "Baba, haya."

Hakuwa amewahi kuniita baba maisha yake. Mtani haitwi baba. Nilitamani anitukane, anitaje na ukoo wangu wote wa wapwa tusiotokea. Badala yake akaninawisha mikono akanipakulia, ming'oko ileile, nikala nikiwa najua ninachokula.

Niliomba twende kwa mwenyekiti wa kijiji, sehemu ya shamba iliyobaki nje ya nyaya iandikwe kwa jina lake. Akakataa. "Ardhi ya kwenu nitaifanyia nini? Nikifa waje wapwa wengine wasiotokea wagombane na kaburi langu?" Alitaka haki ya kupanda, kwa maandishi safari hii, miti yake na jina lake. Tukaenda, tukaandika, mistari miwili, mwenyekiti akapiga muhuri. Na deni langu nilipe mwezi kwa mwezi, nilete mwenyewe, kwa miguu, si kwa simu. Hilo la miguu alilisema mara mbili.

Basi ndivyo nilivyo sasa. Kila mwisho wa mwezi Mwenye Nyumba anatoka. Miche yake mipya iko magotini, haitazaa mpaka mwaka wa tatu, na mimi kwa mwendo wa cherehani yangu sitakuwa nimemaliza deni. Ananikaribisha vizuri. Utani umerudi nusu: siku nyingine mume wangu, siku nyingine baba, na nimejifunza kusikiliza ni ipi kabla sijavuka kizingiti. Mwalimu hajui kitu. Nimefikiri mara nyingi kumwambia dua zake azielekeze wapi, na kila mara nimekunywa chai nikaondoka.

Mwezi uliopita nilimkuta mkaza mjomba ana mgeni, mwanamke wa upande wa pili wa kijiji, mjukuu wake ana homa na hana hela ya kumpeleka zahanati ya mbele. Nikatoa bahasha yangu. Mkaza mjomba akaipokea, akaifungua palepale, akachomoa noti mbili, akampa yule mama kama anayempa chumvi.

Nilitaka kumwambia asubiri, yeye mwenyewe ana shida, ningemletea zaidi, tungepanga. Sikusema. Nani mimi nipange?

Yule mama akaanza kulia, akamshika mkono. "Mungu akuzidishie, dada. Umeitoa wapi na hali hii?"

"Ya mikorosho yangu hiyo," akasema. "Wahi mtoto."

Yule mama akasimama, akamshukuru tena, akafunga noti kwenye pindo la khanga. Alipita karibu yangu, miguu yake ikagusa mkeka wangu.

Nikakohoa kidogo. Sijui kwa nini. Hakugeuka.